Uvimbe haukuwa saratani, lakini ulimuua: tuliyojifunza kwenye uchunguzi wa kifo cha dada yangu

Nilikuwa sijui kwamba mtu akifa ghafla nyumbani, mwili wake huwa mikononi mwa sheria kabla haujawa mikononi mwa ndugu zake. Nililijua hilo siku dada yangu mkubwa alipofariki. Tangu hapo watu waliofikwa na jambo kama letu wamekuwa wakiniuliza maswali yale yale: polisi wanatafuta nini, kwa nini apasuliwe, tukatae au tukubali, majibu yanatoka lini, na yana faida gani kwa mtu ambaye ameshakufa. Nimeona niyaandike yote, pamoja na yale yanayouma kuyasema.

Dada alikuwa na miaka 39, mama wa watoto wawili wa kike, na hakuwahi kulazwa isipokuwa wakati wa kujifungua. Kwa zaidi ya mwaka mmoja tumbo lake lilikuwa likikua. Lilikua taratibu mno, kiasi kwamba sisi tuliokuwa naye kila mara hatukushtuka. Aliongeza kitambaa kwenye viuno vya sketi zake, akaacha kuvaa mikanda. Watu walimpongeza kwa ujauzito ambao haukuwapo, naye akawa anatabasamu tu asiwaaibishe. Alikuwa akila vijiko vichache anashiba. Usiku aliamka mara kwa mara kwenda haja ndogo. Kituo kimoja cha afya kilimpa dawa za vidonda vya tumbo. Aliporudi akapewa zile zile, wala hakuna aliyemwambia alale kitandani abonyezwe tumbo. Baadaye daktari mwingine alimwandikia ultrasaundi, ikaonyesha uvimbe mkubwa kwenye ovari, akaelekezwa aende kwa daktari wa magonjwa ya wanawake apangiwe upasuaji. Hakwenda. Aliogopa kisu, aliogopa gharama, na zaidi ya yote aliogopa kuambiwa hatazaa tena. Karatasi ya ultrasaundi tulikuja kuikuta ndani ya mkoba wake, imekunjwa mara nne, imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Inaonekana alikuwa akiifungua na kuisoma peke yake.

Wiki za mwisho mguu wake wa kushoto ulivimba. Wa kulia ulikuwa kama kawaida. Kigimbi kilimuuma akikanyaga, akawa anakichua. Akaanza kuhema kwa kupanda ngazi chache tu, na kila mtu aliyemwona akasema ni uchovu. Asubuhi moja alishuka kitandani kwenda bafuni, akamwambia shemeji, mume wake, "Pumzi inakata," akashika fremu ya mlango, akaanguka. Walipofika hospitali alikuwa ameshafariki.

Kabla sijaendelea, hili nalisema hapa hapa ili asiyemaliza kusoma aondoke nalo: mguu mmoja kuvimba na kuuma, kisha pumzi kuwa fupi, si jambo la kuchua na kusubiri kesho. Ni la kwenda hospitali saa hiyo hiyo.

Daktari wa zamu alithibitisha kifo, kisha akatuambia kwa upole kwamba hawezi kuandika sababu yake. Hakuwahi kumtibu, na kifo cha ghafla cha mtu wa umri ule hakikisiwi. Kikaripotiwa polisi, na uchunguzi wa maiti ukaagizwa. Hapa familia nyingi huchanganyikiwa. Kuna uchunguzi wa maiti ambao hospitali huomba ridhaa ya ndugu, kwa mfano mgonjwa amefia wodini na madaktari wanataka kuelewa zaidi. Na kuna ule unaoagizwa na sheria kifo kinapokuwa cha ghafla au chenye utata. Huu wa pili kwa kawaida hausubiri ridhaa yenu. Mjomba wetu alishinda akizunguka ofisi kwa ofisi akitaka uzuiwe, kwa kumpenda tu dada na kutotaka aguswe, na matokeo yake yakawa mwili kuchelewa kutolewa.

Nguvu zenu ziwekeni kwenye maswali. Nani atafanya uchunguzi, na ni daktari bingwa wa patholojia, yaani aliyesomea kuchunguza maiti na vinyama vya mwili, au la? Utafanyika lini? Kama imani yenu inataka maziko ya haraka, semeni mapema kabisa, kwa maana mara nyingi wanaweza kuwatanguliza. Je, kuna kiungo kitakachobaki maabara, na kikimaliza kuchunguzwa kitakwenda wapi? Majibu atapewa nani, na kwa njia gani? Hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu ofisi nyingi huzungumza na mtu mmoja tu wa familia. Mchagueni mwenye utulivu wa kusikiliza, si mwenye sauti kubwa.

Ndugu mmoja aliuliza kama picha za CT, za mashine inayoonyesha ndani ya mwili bila kuupasua, haziwezi kuchukua nafasi ya kisu. Kuna sehemu wanazitumia, na kwa mfupa uliovunjika au damu iliyovujia kichwani zinasaidia sana. Lakini bonge la damu kwenye mishipa ya mapafu ya marehemu ni rahisi kutoonekana kwenye CT ya kawaida. Kwetu sisi tungeambiwa ana uvimbe mkubwa, basi, na tusingejua ulimuuaje.

Nyumbani polisi walipiga picha chumba, wakachukua dawa zilizokuwa kando ya kitanda, wakachukua na glasi ya maji. Shemeji walimhoji peke yake. Jioni ile ile maneno yakaanza. Jana alionekana mzima. Wamekula pamoja, mbona afe yeye tu? Neno sumu lilitajwa na watu ambao kwa mwaka mzima hawakuwahi kuuliza tumbo lile lina nini. Shemeji alikaa kwenye kiti pembeni, ameinamisha kichwa, na baadhi ya ndugu zangu wakaacha kumsalimia. Yapo mambo ya msiba ule nimeyasamehe; hilo bado linanisumbua.

Na ni yeye aliyeuokoa uchunguzi. Kabla polisi hawajafika, shangazi alikuwa ameanza kukunja mashuka na kukusanya dawa kwenye mfuko wa taka, kwa nia njema ya kuweka chumba sawa kabla wageni hawajaja. Shemeji alimwambia, "Shangazi, naomba tuviache kama vilivyo." Fanyeni hivyo. Msioshe mwili, msimbadilishe nguo, msitupe hata kopo tupu la dawa, na msifute chochote kwenye simu yake. Kwenye simu ya dada kulikuwa na ujumbe aliomwandikia rafiki yake kwamba mguu wa kushoto umekuwa mzito na usiku hawezi kulala chali kwa sababu anakosa hewa. Ujumbe huo uliingia kwenye jalada, na ulieleza mengi kuliko sisi sote.

Tulipoitwa kuandikisha maelezo, mkubwa mmoja wa familia alituonya tusitaje habari za uzazi mbele ya askari. Namheshimu, lakini nilitaja. Nilieleza hedhi yake ilivyokuwa, mimba iliyowahi kutoka, vidonge vya uzazi wa mpango alivyowahi kutumia, tumbo, mguu, kila kitu, na nikatoa ile karatasi ya ultrasaundi. Daktari aliniambia baadaye kwamba maelezo yale ndiyo yaliyomwambia apange kazi yake vipi kabla hajaanza. Aliye mezani kwake hawezi kujieleza. Ndugu wakificha, daktari anabaki na mwili tu.

Nilikwenda mimi kumtambua. Waliniuliza majina yake kamili, wakafunua uso. Nilitaka nimshike mkono. Mhudumu akasema, "Subiri kidogo dada, mikono na kucha bado hazijakaguliwa, ukimaliza kuaga leo utakuja tena baadaye umshike vizuri." Alisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuwaambia wengi, lakini bila kuchoka. Nilisubiri, na baadaye nilimshika.

Wengi wanaogopa kwamba mwili utarudishwa ukiwa hautazamiki. Wetu ulirudi umeshonwa kwa uangalifu. Mkato wa mbele hufunikwa na nguo, na ule wa kichwani hupita nyuma, kwenye nywele. Mama alimwona, na alifurahi kwamba alimwona.

Daktari wa patholojia alikuwa mama mtu mzima, mpole, na alikubali kukaa na mimi na shemeji. Kama mna nafasi ya kuomba kikao cha namna hii, ombeni, hata kama ripoti mtapewa kwa maandishi. Ripoti imeandikwa kwa ajili ya mahakama na madaktari wenzake. Kikao ni kwa ajili yenu. Nendeni na maswali yameandikwa, maana mkifika pale kichwa kinafutika.

Alisema alianza nje. Alikagua shingo kama kuna alama za kukabwa, akageuza kope kutafuta madoa madogo ya damu, akatafuta michubuko na alama za sindano. Hakukuwa na kitu. Kisha akapima mzunguko wa vigimbi kwa futi kamba. Cha kushoto kilizidi cha kulia kwa sentimita 4. "Hapo nikajua naanzia wapi ndani," akasema.

Ndani hakukimbilia uvimbe, ingawa ulijaza tumbo lote. Kabla ya kuutoa moyo alifungua mshipa mkubwa unaopeleka damu mapafuni, ukiwa bado mahali pake, kwa sababu moyo ukitolewa kwanza bonge la damu linaweza kuchomoka likapotea. Akalikuta: refu, limejikunja, limekaa pale mshipa unapogawanyika kwenda pafu la kulia na la kushoto. Damu haikuwa na pa kupita.

Nilimuuliza kama damu haigandi tu yenyewe mtu akishakufa.

"Swali zuri, mwanangu. Na mawakili nao huniuliza hilo."

Damu inayoganda baada ya kifo, akaeleza, huwa laini, inang'aa, inateleza, na inachukua umbo la mshipa iliomo bila kung'ang'ania ukuta. Iliyoganda mtu akiwa hai huwa kavu na huvunjika kirahisi, na ukiikata unaona tabaka nyeupe na nyekundu zinazopishana. Kwenye ripoti zimeandikwa "mistari ya Zahn". Bonge la dada lilikuwa na mistari hiyo, na unene wake ulikuwa wa mshipa wa mguuni. Akafungua kigimbi cha kushoto kwa nyuma, akakuta kipande kilichobaki.

Shemeji alikuwa kimya muda wote. Hapo akauliza, "Daktari, uvimbe mmesema ulikuwa ovari ya kulia. Mbona mguu uliovimba ni wa kushoto?"

Nilimwona daktari akimtazama kwa namna nyingine. Akachora. Uvimbe ulikuwa na uzito wa kilo 11 na upana wa sentimita 30, kwa hiyo kulia na kushoto zilikuwa zimekwisha kupoteza maana. Ulijaza nyonga yote ukailalia mishipa inayorudisha damu kutoka miguuni, mfano wa mtu aliyekanyaga mpira wa maji. Na kwa binadamu wengi mshipa wa kushoto una nafasi finyu tangu mwanzo, kwa sababu unapita chini ya ateri ya kulia. Damu ikapunguza mwendo, ikaganda. Rudolf Virchow, daktari Mjerumani wa karne ya 19, anakumbukwa kwa mambo matatu yanayogandisha damu ndani ya mshipa: mwendo wa damu kupungua, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa tayari zaidi kuganda. Dada alikuwa na la kwanza kwa miezi. Asubuhi ile aliposimama, bonge likang'oka, likapanda kupitia moyoni mpaka mapafuni.

Alituambia pia njia nyingine alizozikagua moja baada ya nyingine. Uvimbe wa ovari unaweza kujisokota kwenye mizizi yake ukakata damu, unaweza kupasuka, unaweza kutoa damu nyingi tumboni, unaweza kuoza kwa maambukizi. Hakuna kati ya haya kilichokuwapo. Alipima pia ujauzito, kwa sababu mwanamke wa umri wa kuzaa akifa ghafla lazima mtu afikirie mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi na kupasuka. Hakuwa mjamzito.

Kwa sumu, walichukua damu kutoka mshipa wa kinena. Damu ya karibu na moyo haitumiki peke yake, kwa sababu baada ya kifo dawa zilizomo ndani ya viungo hurudi kwenye damu ya jirani na vipimo vinaonyesha kiwango kikubwa kuliko alichokuwa nacho mtu akiwa hai. Walichukua na mkojo, maji ya ndani ya jicho, kipande cha ini, na vilivyokuwa tumboni. Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu yule anayenong'ona habari ya sumu hawezi kunyamazishwa na "vipimo vimeonyesha hakuna". Ananyamaza ukimwambia ni vipimo gani, vya nini, vilichukuliwa wapi.

Kisha tukasubiri. Hakuna aliyetuandaa kwa kusubiri kule. Mwili mlikwisha kuuzika, watu wameondoka, na kwenye hati ya muda sehemu ya sababu ya kifo imeandikwa kwamba vipimo vinaendelea. Bima haikulipa. Benki ilitaka cheti kamili. Ada za shule za watoto zilidaiwa bila kujali lolote. Gharama za mochwari, usafiri wa mwili, nakala za nyaraka na siku za kazi zilizopotea ziliangukia familia ambayo tayari ilikuwa imechanga mpaka mwisho. Mkiweza, tengeni fungu la miezi hiyo tangu mwanzo wa michango, kabla hela zote hazijaishia kwenye mazishi. Na ombeni ofisi inayosimamia uchunguzi barua ya kueleza kwamba kifo kimethibitishwa na sababu inasubiri maabara. Wengine wanaikubali, hasa waajiri na shule.

Ripoti ya awali ilisema bonge la damu mapafuni, kutokana na bonge la damu mguuni, kutokana na uvimbe mkubwa wa ovari. Ndivyo sababu ya kifo inavyoandikwa, kwa mnyororo: mstari wa kwanza kilichomuua dakika ile, mstari wa chini yake kilichosababisha hicho, mpaka ufike kwenye chanzo. Isomeni kuanzia chini kwenda juu na mtaielewa. Lakini nyumbani waliposikia "uvimbe wa ovari" walisikia saratani. Mdogo wetu wa mwisho alianza kusema anataka kuondolewa ovari zote mbili kabla hata hajaolewa. Mama alikuwa akiwatazama wajukuu zake wawili kwa hofu ambayo hata wao waliiona.

Ndiyo maana naomba mtu yeyote asikubali kufunga jambo kwa ripoti ya awali. Kuna sehemu ya pili, ya vinyama vilivyowekwa kwenye formalini, dawa ya kuzuia visioze, vikagandishwa ndani ya nta, vikakatwa vyembamba na kutazamwa kwa hadubini. Familia nyingi hazirudi kuichukua. Msiba umekwisha, wamechoka, na sababu ya kifo wanaijua. Sisi tulirudi.

Ilisema sistadenoma ya ute. Uvimbe wa majimaji mazito, usio saratani.

Daktari alitueleza kwamba hakufikia neno hilo kwa haraka. Uvimbe wa aina hii unaweza kuwa salama upande mmoja na saratani upande mwingine, kwa hiyo huchukuliwa kipande kimoja au viwili kwa kila sentimita ya upana wake. Pia alikagua kidole tumbo, utumbo mpana, tumbo la chakula na kongosho, kwa sababu uvimbe wa ute kwenye ovari wakati mwingine huwa umetoka huko ukahamia. Kote kulikuwa safi.

Kwa walio hai neno lile lilibadilisha kila kitu. Kama ingekuwa saratani ya ovari, ya aina iitwayo siraasi, yenye ukali wa juu, sisi ndugu wa kike tungeshauriwa kupata nasaha za vinasaba na kupimwa jeni za BRCA1 na BRCA2. Mwanamke mwenye hitilafu kwenye BRCA1 ana hatari ya saratani ya ovari inayokadiriwa kati ya 39 na 58 kwa kila wanawake 100 katika maisha yake, na kwenye BRCA2 kati ya 13 na 29, wakati kwa wanawake kwa ujumla ni kama 1 kwa 100. Uvimbe wa dada haukuwa wa kundi hilo. Mdogo wetu hakuhitaji kuondolewa kitu. Swali alilotuuliza daktari lilikuwa jingine kabisa: kuna mtu mwingine katika ukoo aliyewahi kugandwa na damu mguuni au mapafuni? Kuna hitilafu za kurithi zinazofanya damu igande upesi, na jambo hilo inafaa litajwe kwa daktari kabla ya upasuaji, wakati wa ujauzito, au kabla ya kuanza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni. Sasa kila mmoja wetu analitaja.

Nafuu ile ilikuja na uchungu wake. Kama ingekuwa saratani iliyosambaa ningeweza kujiambia hakukuwa na la kufanya. Mwezi Desemba mwaka 1809, huko Kentucky nchini Marekani, daktari Ephraim McDowell alimtoa Jane Todd Crawford uvimbe wa ovari wa takriban kilo 10, bila dawa ya usingizi, kwa sababu ilikuwa haijavumbuliwa. Mama yule akaishi miaka mingine zaidi ya 30. Dada yangu alikuwa na uvimbe wa karibu uzito ule ule, katika zama za ganzi na antibiotiki, na karatasi ya ultrasaundi mkobani. Na kile alichokiogopa zaidi hakikuwa na msingi aliodhani: ovari moja ikitolewa na nyingine ikiwa nzima, mwanamke anaweza kuendelea kupata hedhi na kushika mimba. Hakuna aliyekaa naye akamwambia hivyo. Alipewa rufaa, hakupewa maelezo. Kwa daktari anayesoma hapa, naomba dakika chache hizo umpe mgonjwa wako kabla hajatoka mlangoni, kwa sababu akishatoka anabaki na hofu yake tu.

Baada ya habari kuenea, wanawake wengi wa upande wetu walitaka kwenda kupimwa ovari wote kwa pamoja. Naielewa hofu hiyo. Lakini utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao UKCTOCS, uliofuatilia wanawake zaidi ya 200,000 na kutoa majibu yake ya mwisho mwaka 2021, ulionyesha kwamba kuwapima wanawake wasio na dalili kwa ultrasaundi au kipimo cha damu cha CA-125 hakukupunguza vifo vya saratani ya ovari. CA-125 yenyewe inaweza kupanda kwa hedhi, ujauzito au vimbe za kawaida za mfuko wa uzazi, na inaweza kuwa ya kawaida huku uvimbe upo. Kinachosaidia ni kutodharau dalili: tumbo kujaa kusikoisha, kushiba haraka, maumivu ya nyonga, kukojoa mara kwa mara, vikiwa ni vipya kwako na vinarudi karibu kila siku kwa wiki kadhaa. Ukipewa dawa za tumbo na hali haibadiliki, rudi useme waziwazi: naomba nipimwe nyonga, naomba ultrasaundi. Na ukiambiwa uvimbe "si mbaya", uliza swali la pili: ukubwa wake je, unabana nini?

Jalada la polisi lilifungwa kwa kuandikwa kifo cha asili. Kwa idhini ya shemeji niliisoma ripoti mbele ya ndugu wote, mstari kwa mstari, nikaeleza kila kipimo. Baadhi walimwendea wakamshika mkono. Wengine hawakusema kitu, na sikuwasubiri.

Jambo la mwisho tulilofanya lilikuwa kuuliza vile vipande vya nta na slaidi vinahifadhiwa wapi na kwa muda gani. Muda hutofautiana kutoka maabara moja hadi nyingine, kwa hiyo ulizeni kwa maandishi. Wapwa zangu wakikua, wakipata uvimbe wao au wakitaka kupima vinasaba, daktari wao anaweza kuomba vitazamwe upya. Namba ya uchunguzi, jina la maabara na nakala ya ripoti kamili anavyo shemeji, ninavyo mimi, na vimo kwenye mafaili ya afya ya watoto wote wawili, mbele kabisa, ambapo daktari atakayefungua ataviona kwanza.